Imegoma, Njoo

Sisi wa benchi la mbele ya duka la viatu hakuna kazi tusiyoijua, isipokuwa zetu wenyewe. Asubuhi ile Pindo, fundi cherehani wa mlango wa pili, alitukuta na vikombe vya kahawa mkononi, naye akachukua chake. Cherehani yake imegoma, gauni la harusi la bintiye halijaisha, na harusi ni kesho saa nne. Alikuwa amemwandikia fundi wa mashine, anayekaa mbali: "Imegoma, njoo." Fundi akajibu: "Imegomaje?"

— Ananidharau huyu, akasema Pindo. Ningejua imegomaje, ningemtafuta yeye wa nini?

— Anakukwepa, akasema Breki, dereva wa lori asiye na lori. Mwandikie tena, herufi kubwa.

Pindo akaandika: IMEGOMA SANA. Jibu likaja: "Pole. Ukishona inafanya nini?"

— Si ndiyo hayo? Ingekuwa inafanya, ningemsumbua?

Profesa, aliyewahi kufagia maktaba, akashusha kikombe.

— Mimi naona ni umeme. Umeme wa siku hizi una uchovu.

— Yangu ni ya kukanyaga, Profesa.

— Basi uchovu uko miguuni.

— Ni kijicho, akasema Breki. Gauni zuri vile, kuna mtu kapita akalisifu.

Nilicheka. Kisha nikamwona Pindo anausoma upya ujumbe wa fundi, nikajionea haya. Tangu mkewe afariki, binti huyo ndiye pekee aliyebaki naye.

Muuguzi mmoja alikuwa amesimama hapo na sare yake, anasubiri muuza kahawa ammiminie.

— Shikamoo, mzee. Kabla haijaanza kusumbua, uligusa nini?

Hakuna aliyekuwa amemuuliza hilo.

— Marahaba, mwanangu. Jana nilibadilisha sindano.

— Fundi umemwambia?

— Miaka thelathini nashona. Nimwambie sindano imenishinda?

— Mwambie tu, baba. Wagonjwa wangu nao hunificha hayo hayo.

Pindo akaandika polepole, akijisomea kwa sauti: "Jana nilibadilisha sindano. Leo uzi wa juu unakatika kila nikishona urefu wa kidole. Ni gauni la mwanangu, harusi kesho."

Kahawa haijapoa, jibu likaingia: "Upande bapa wa sindano umeuelekeza wapi? Ukikosewa, uzi hukatika."

Pindo aliinuka bila kuaga, kikombe akakiacha nusu. Tukatega sikio. Cherehani ikalia kidogo, ikanyamaza. Ikalia tena, ikaendelea, ikaendelea, mpaka muuguzi akamaliza kahawa yake.