Michée Mukendi, Mtu Aliyekataza Tarakimu

Baada ya miaka ishirini na saba ya kuitumikia benki yetu, kumi na mmoja kati ya hiyo hapa Butembo, Bwana Michée Mukendi, mkuu wa usalama wa huduma za simu, anastaafu rasmi Ijumaa hii, tarehe 31 Oktoba 2025. Uongozi umeniomba nimwandikie wasifu mfupi, wa heshima na usio na utani. Kwenye ufupi nitajitahidi.

Papa Mukendi, kama tunavyomwita kwa heshima, alizaliwa Mbuji-Mayi, akaanza kazi Kinshasa kwenye dirisha la malipo, kisha akatumwa kwetu kwa miezi sita. Inaonekana miezi hiyo bado haijaisha. Alifika na mke wake, Mama Monique, pamoja na viatu vyeusi vya ngozi ambavyo udongo wa Butembo uliviharibu wiki ileile. Kiswahili chetu alijifunza sokoni. Kinande, lugha ya wenyeji, alikikataa kwa adabu, akisema kichwa chake kimejaa nywila, na sisi wafanyakazi wenzake alituita kwa majina ya ubatizo tu, kwa kuwa yale mengine yalimchanganya.

Jina lake limeshikamana na code. Kwa wageni wetu wasioifahamu kazi hii: mteja anayetaka kulipa kwa simu hutumiwa ujumbe wenye tarakimu sita za siri, naye lazima aziandike kwenye programu ya benki kabla muda wake haujakwisha. Papa Mukendi ndiye aliyeufupisha muda huo hadi mtu akipiga chafya anaanza upya. Ndiye pia aliyeamuru kwamba anayeshindwa mara tatu, hata kwa kuchelewa tu, akaunti yake ifungwe mpaka aje mwenyewe Butembo na kitambulisho. Tangu wakati huo hakuna mwizi aliyeingia kwenye akaunti ya mteja wetu yeyote wa Mabalako, huko vijijini. Wateja wenyewe pia hawakuingia. Makao makuu Kinshasa walifurahi, wakampa cheti.

Kuna kijiji kimoja huko Mabalako ambacho kilimnyima usingizi. Depo ya ushirika wa kakao ina intaneti ya satelaiti, hivyo programu yetu inafunguka bila taabu. Lakini ujumbe wa simu haufiki pale. Mtandao wa simu unapatikana juu ya kilima kilicho nyuma ya depo, na intaneti ya depo haifiki kilimani. Wakulima wakatafuta njia. SIM ya mteja ilitiwa kwenye simu ndogo, mtu akapanda nayo kilimani, na code ilipoingia akaipaza kwa sauti mpaka chini, ambako mwenzake aliiandika. Papa Mukendi alipofika mara ya kwanza na kusikia siri za wateja wake zikipigiwa kelele juu ya mashamba, nusura azimie. Alirudi Butembo akatoa waraka: ni marufuku kutaja tarakimu yoyote kwa sauti mahali pa wazi. Waraka ulibandikwa kwenye mlango wa depo, wa kanisa, hata wa kinyozi.

Wakulima walitii neno kwa neno. Sisi Wanande tunawapa watoto majina kwa mpangilio wa kuzaliwa: mvulana wa kwanza ni Paluku, wa pili Kambale, wa tatu Kasereka, wa nne Kakule, wa tano Katembo, wa sita Mbusa. Kwa saba, nane na tisa kijiji kiliamua kukopa majina ya wasichana, yaani Masika, Katungu na Kanyere. Kuanzia hapo hakuna tarakimu iliyosikika kilimani. Ilisikika sauti ya Rébecca, kiongozi wa kwaya, akiwaita watoto kutwa nzima.

Papa Mukendi alikwenda kukagua. Alisimama chini ya kilima, mikono nyuma, akasikiliza kwa furaha. Ripoti yake kwa Kinshasa ilisema kwamba nidhamu imerejea kabisa na kwamba wazazi wa eneo hili wanawajali sana watoto wao. Sisi wa agence, yaani tawi la Butembo, tuliisoma ripoti hiyo tukiwa tumeuma midomo, na hakuna aliyeisahihisha.

Mwaka jana, wakati wa mavuno ya kakao, tulirudi kijijini hapo pamoja naye kwa kampeni yake aliyoipenda kuliko zote, ya kuwashawishi watu waache kutembea na fedha mkononi. Ili kuonyesha mfano, alituagiza sote tuje na mifuko mitupu. Mama Monique alifuatana nasi kununua ndizi. Jeep ya benki ilitushusha, ikaendelea na wenzetu kuelekea Oicha. Katikati ya hotuba, Mama Monique aliinama akishika tumbo, akashindwa kuinuka. Muuguzi wa kijiji alimgusa mara moja tu, akasema anahitaji kupasuliwa, na apelekwe hospitali Beni upesi, kwani wakichelewa utumbo utapasuka wenyewe.

Gari la ushirika lilikuwepo. Mafuta hayakuwemo. Mafuta yalikuwa kwenye madumu ya Élise, dada anayeuza pale depo kwa niaba ya tajiri aliye Beni. Élise machozi yalimlenga, lakini hakuachia dumu. "Papa, patron alikataza," alisema. "Na ni nyinyi mulitufundisha ku séminaire: pesa haiyaonekana ku compte, kitu haitoke." Alikuwa sahihi: fedha zisipoonekana kwenye akaunti, bidhaa haitoki. Somo hilo lilikuwa la Papa Mukendi, na mimi ndiye niliyeligawa kwa karatasi. Wanakijiji walianza kuchangishana, lakini kakao yao ilikuwa bado haijalipwa, na kilichopatikana hakikutosha hata kufika nusu ya njia. Akaunti zetu sisi wa chini yake nazo zilikuwa tupu, tukingoja mshahara.

Basi mkuu wetu wa usalama alifungua programu yake mwenyewe, kwa mara ya kwanza akiwa mteja wa Mabalako. Kanuni haikumruhusu kumkabidhi mtu mwingine SIM yake, hivyo alipanda kilima kwa miguu yake, na viatu vya ngozi. Code iliingia. Alishuka mbio, akaanguka, akainuka, akafika depo, na code ilikuwa imekufa. Alipanda tena. Safari ya pili alifika chini akipumua kwa kinywa, suruali imepasuka gotini, na ya pili nayo ilikuwa imekufa. Ilibaki nafasi moja. Baada ya hiyo, akaunti ingefungwa mpaka aje Butembo na kitambulisho.

Élise alimnyooshea mkono. "Papa, utupatie ile SIM. Rébecca atapanda. Weye ubakie hapa na mama."

Sitaficha kwamba alisita. Alianza kusema jambo kuhusu kifungu fulani cha waraka. Hapo Mama Monique, aliyekuwa amelazwa kwenye magunia ya kakao, uso umebadilika rangi, alifungua macho. "Mukendi," alisema, "chagula: règlement yako ao mimi."

Alitoa SIM. Rébecca alipanda kama mtu anayekwenda jikoni kwake. Tulisubiri. Papa Mukendi alikuwa amepiga magoti kando ya mke wake, na sijawahi kumwona mtu mwenye hofu kiasi kile. Kisha sauti ikashuka: "Kakule! Masika! Paluku!" Élise aliandika kwenye simu ya Papa Mukendi: nne, saba, moja. Na hapo Rébecca akanyamaza.

Sote wenyeji tulijua sababu. Ilikuwa sifuri. Hakuna mtoto anayezaliwa wa sifuri, kwa hiyo sifuri haikuwa na jina. Code yenye sifuri iliachwa tu, mteja akaomba nyingine. Safari hii hapakuwa na nyingine.

Kutoka kilimani likaja jina ambalo halikuwahi kuitwa pale: "Mukendiii!"

Papa Mukendi aliruka, akaitika kwa nguvu zake zote, kama mwanafunzi anayeitwa darasani: "Présent!" Élise hakugeuka hata kumtazama. Kidole chake kilikuwa kimekwisha kubonyeza sifuri. "Kasereka! Kakule!" Tatu, nne. Kwenye kompyuta ya depo fedha zikaonekana, dumu likatoka, na gari likaondoka kabla Rébecca hajafika chini. Mama Monique alipasuliwa Beni siku ileile. Leo amekaa safu ya mbele, na amevaa vizuri kutuzidi sote.

Papa Mukendi aliporudi kijijini kushukuru, alidai maelezo, akapewa yote, tangu Paluku mpaka Kanyere. Inasemekana aliyahesabu yote kwa vidole, jina kwa jina. Mwishowe aliuliza kwa nini sifuri iwe yeye, mkuu mzima wa idara. Rébecca alimjibu bila kupepesa macho: "Papa, weye hauko muzaliwa wa huku. Mu hesabu yetu haumo. Sasa zero ningeiita nani?" Alicheka mpaka akatafuta kiti.

Kinshasa walitaka ripoti ya safari, hasa kama waraka unaheshimiwa, kwani akaunti za wakaidi zilikuwa zifungwe zote. Alijibu kwa sentensi moja: "Sikusikia tarakimu yoyote." Chini yake aliomba wateja wasio na mtandao wapewe code inayotokea ndani ya programu yenyewe, bila ujumbe wa simu. Ombi hilo limeundiwa tume. Tume imeomba muda, na nadhani muda wake ni mrefu kuliko ule tunaowapa wateja.

Papa Mukendi, tunakushukuru kwa kazi, kwa ukali, na kwa sentensi ile moja. Pumzika vema hapa Butembo pamoja na Mama Monique, na viatu vipya tulivyokununulia usivipandishie kilima. Siku ukipita Mabalako ukasikia jina lako likiitwa huko juu, usiitike. Kuna mtu chini anayesubiri gari la mgonjwa wake, na bila wewe hesabu yake haitimii.

Kasika Lusenge
Huduma kwa wateja, Butembo