Dawa ya Ghislaine Haikuwa ya Kugawana

Zamani tulipokwenda kusalimia mgonjwa tulimpelekea uji. Leo tunatoka kwake na vidonge vyake mfukoni.

Marehemu Ghislaine Bulonza, binti wa mdogo wangu Gérard na mama Consolate, alizaliwa Nyantende tarehe 14 Februari 1988. Alisoma shule ya msingi hapo hapo, kisha sekondari na chuo kikuu Bukavu, akapata licence, yaani shahada, ya biolojia mwaka 2012. Tarehe 9 Julai 2016 alifunga ndoa na Luc Mushagalusa, wakajaliwa Joviale na Gentil.

Kwa miaka kumi alifanya kazi katika maabara moja ya Nguba, akichunguza bakteria za udongo wa shamba la baba yake, zile zinazotengeneza antibiotiki. Ndani ya bakteria, ARN (RNA) ya uhamisho hubeba vipande vya kujengea protini, nayo ina alama ndogo za kikemia. Ghislaine alionyesha kwamba alama moja ikikosekana, bakteria inaishi lakini haikomai: haioti manyoya yake meupe, na dawa haitoki. Siku moja alinionyesha mimi, baba yake mkubwa, sahani mbili za bakteria hizo.

"Tonton, hii yenye upara ni wewe."

"Na iko inafanya kazi gani?"

"Iko inakula tu!"

Mimi niliyeishia darasa la nne nilielewa. Ninyi waombolezaji wenye diploma hamkuelewa.

Tarehe 2 Septemba 2025 bati lilimkata mguu, kidonda kikaoza. Ijumaa daktari alimpa vidonge ishirini na nane vya antibiotiki, akamwambia avimalize vyote. Ndipo mkaja kumsalimia. "Papa Joviale, nigawie mbili tu, kifua kinanikamata." Luc akaona haya kumnyima mgeni. Ghislaine akapiga kelele kutoka kitandani: "Musigawe! Microbe haiko mugeni, haitanionea haya!"

Mkacheka. Mkasema ni homa inaongea.

Siku ya nne boksi lilikuwa tupu. Maambukizi yaliingia damuni, sindano za hospitali hazikufua dafu, akafariki Jumamosi tarehe 13.

Ameacha mume, watoto wawili, wazazi wake na kaka yake Philémon. Mungu ampe utulivu ambao sisi tulimnyima kitandani.

Mara ya mwisho nilimwona Jumapili tarehe 7, baada ya misa. Aliona Luc akinipa vidonge viwili.

"Unaumwa nini, tonton?"

"Jino."

"Mbili haziponyeshe jino," akasema, akageukia ukuta.

Sikuvirudisha.