Bibi Aliyehesabu Saa Kurudi Nyuma

Marehemu bibi yetu alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, mtoto wa tatu wa fundi saa. Alisoma shule ya msingi kuanzia 1958 hadi 1965, kisha sekondari ya wasichana, ambako alipenda hesabu kuliko chakula. Baadaye alipata stashahada ya hali ya hewa. Mwaka 1977 aliolewa na babu, mwoka mikate, wakajaliwa watoto wanne.

Mwaka 1988 akawa mkuu wa ofisi ya maafa ya mji. Kimbunga kikija, yeye ndiye aliyeamua watu wahame lini. Mwaka uliofuata alihamisha mtaa mzima wa bondeni, kimbunga kikageukia baharini. Watu walirudi wamenuna. Sokoni akaitwa Mama Kimbunga Hewa.

Nilimuuliza aliwezaje kuamua tena baada ya hapo. Alisema alimchukua mama mkwe wake, mwenye fimbo na maneno mengi, wakatembea kutoka bondeni, wakavuka daraja, saa mkononi.

"Mwanangu, kwani nimekukosea nini?" mkwe alilalama njia nzima.

Walitumia saa mbili na dakika kumi. Tangu siku hiyo alihesabu kurudi nyuma, kuanzia maji kufika darajani, kwa mwendo wa mkwe.

Tarehe 6 Februari 1994, kimbunga kingine kikikaribia, mwenyekiti wa mji alimtaka angoje taarifa ya saa sita mchana. "Ukituhamisha bure tena, kazi huna."

"Sawa, mzee. Lakini wanahama sasa."

Ilikuwa saa tatu asubuhi. Saa nane kamili mchana daraja lilizama. Bondeni alibaki jogoo wa kinyozi tu, naye kesho yake alionekana juu ya paa, anawika.

Alistaafu 2011. Septemba 2023 aligundulika kuwa na saratani ya ini. Aprili mwaka uliofuata alimhoji daktari kuhusu siku zilizobaki, kisha akatuita wote. Mjomba alisafiri siku mbili, akamkuta anamenya viazi.

"Mama, mbona mzima? Umetuita bure!"

"Njooni bure mara kumi," alisema. "Shika kisu, umenye."

Alifariki siku ya kumi na moja tangu atuite, tarehe 2 Mei 2024, saa nne asubuhi. Hakuna aliyekuwa njiani.

Ameacha mume, watoto wanne, wajukuu tisa, na saa ya mkononi iliyotangulia dakika tano. Bibi, sote tumeshavuka. Pumzika kwa amani.