Ubaoni Wawili Wawili

Ryan alizoea kujigamba kwamba habari za watu hazimhusu. Lakini kabla foleni ya basi la Kilimani haijasonga, sikio lake lilishahamia kwa walimu wawili wa hesabu waliokuwa mbele yake, wametoka kwenye mafunzo.

“Bwana Were, kuitwa ubaoni mbele ya walimu wenzangu kulinitetemesha mpaka chaki ikaanguka,” alisema Mwalimu Nanjala. “Na watoto wangu ndivyo ninavyowafanyia! Kuanzia kesho wataenda ubaoni wawili wawili.”

Were akacheka. “Na mtihani wa kitaifa, madam, wataufanya wawili wawili?”

Nanjala akageuka kutazama kama basi linakuja.

“Wacha waende wawili!” Ryan akaropoka, kana kwamba bado amesimama ubaoni peke yake, chaki mkononi.

Basi likafika, lakini foleni nzima ilikuwa imemgeukia. Mama mmoja nyuma yake akamchungulia usoni.

“Ai, kijana! Na machozi ni ya nini?”