Cherehani Isiyo na Uzi

Mwadila, ndugu zangu. Mwenyekiti kaniambia nisimame niseme kidogo, na mnanijua, kidogo changu ni kirefu. Mume wangu yuko pale nyuma karibu na mlango. Kaniambia nisilie, basi nitajitahidi.

Wengi mnakumbuka miaka ile mitumba ilipoanza kujaa hapa Bariadi, na hospitali zikaanza kututaka tuchangie matibabu. Mume wangu alikuwa fundi cherehani hapo kibarazani kwetu. Akishona tunakula, asiposhona hatuli. Halafu akaota uvimbe tumboni. Mwalimu jirani yetu naye aliugua mwaka ule ule, akalala kitandani na mshahara ukaendelea kuja. Nilikuwa namwona mke wake akirudi na nyama, namwonea wivu, Mungu anisamehe.

Daktari akasema apasuliwe. Kwenye dirisha la malipo wakauliza mwajiri wake ni nani, alete barua. Mwajiri gani? Wakanituma ofisi ya kata nikaombe barua ya msamaha, ile ya watu wasio na uwezo. Karani alinisikiliza vizuri tu, akauliza, "Mama, nyumbani mna nini?" Nikasema tuna cherehani. Akafunga daftari. "Mwenye cherehani si maskini. Nenda kaiuze." Nilipomweleza mume wangu, akageukia ukutani. Akasema, "Ukiiuza hiyo, nikipona nitafanya nini?"

Sasa sikilizeni kosa langu. Pamba ilikuwa imeshauzwa, watu wana pesa, vitambaa vyao vimejaa ndani, gauni za harusi, sare za shule, vingine vimekatwa tayari. Mteja akisikia fundi anaumwa, anakuja kuchukua kitambaa chake. Msinitazame hivyo, nanyi mngefanya hivyo hivyo. Na mimi kushona sijui, hata kifungo nakipachika upande. Basi nikashusha pazia la kibarazani, nikatoa uzi kwenye sindano, nikakaa kwenye kiti chake nikawa nakanyaga. Kutwa nzima nakanyaga. Mtu akipita anasikia cherehani inalia, anajua fundi yupo. Akiita, najibu mimi, "Ana kazi nyingi, rudi Ijumaa."

Siku moja shemeji yangu akampandisha mume wangu kwenye lori la pamba, wakaenda kujaribu hospitali nyingine kule Maswa. Nikabaki nakanyaga. Kumbe mteja wetu mmoja alimkuta stendi ya Maswa, akamsalimia, wakaongea. Jioni ile mteja akarudi Bariadi, akapita kwetu. Cherehani inalia. Akaita, nami nikamjibu kwamba fundi yumo ndani, anashona. Nilisikia hatua zake zikirudi nyuma polepole, kisha akakimbia.

Mume wangu alirudishwa bila kutibiwa, na mji ulikuwa umeshaamua. Wakasema fundi alikufa zamani, na huyo anayeonekana ni litunga, msukule, nimemfungia nyuma ya pazia namtumikisha kushona. Watu wakaja wawili wawili kudai vitambaa vyao. Mama mmoja alikivuta chake kwa fimbo ili asiguse mkono wangu. Watoto wakawa wanavuka barabara wakifika kwetu. Asubuhi moja nikakuta mstari wa majivu mlangoni, umenyooka kabisa.

Nawaambia ukweli, na mimi nikaanza kumtazama. Amekonda, hasemi, hali. Ukimwita anageuza macho kwanza, kichwa baadaye. Nikamgusa mguu, nikakuta baridi. Nilikaa pembeni ya kile kitanda nikijiuliza huyu ni nani. Mume wangu wa ndoa, nikamwogopa.

Basi mchana mmoja natoka kisimani, ndoo kichwani, jua kali, njia nzima haina mtu. Nilipokaribia nyumbani nikasikia cherehani.

Nikasimama. Pazia limeshushwa. Ndani nimeacha mtu asiyeweza hata kukaa. Na sauti haikuwa ile yangu. Cherehani tupu inalia nyepesi, inakimbia tu. Hii ilikuwa nzito, inakwenda, inatulia, inakwenda tena. Ilikuwa inashona kitu. Ng'ambo ya njia alisimama jirani yangu muuza mitumba, shati mkononi. Huyo ndiye aliyetunyang'anya nusu ya wateja, tulikuwa hatusalimiani.

"Unasikia?" akaniuliza.

"Nasikia."

"Kama wewe uko hapa, nani yuko mle?"

Nikamwomba anisindikize. Akaja, ameshika ncha ya kanga yangu.

Nikafunua pazia. Alikuwa mume wangu. Alikuwa amejifunga kiuno kwenye kiti kwa kipande cha kitenge asianguke, jasho linamtiririka, anashona kitambaa cheupe kirefu kinachoburuta sakafuni. Jirani akamuuliza ni cha nini. Hakuinua kichwa. "Sanda," akasema. "Nisiwaachie kazi ya kuitafuta." Akaendelea kukanyaga.

Hapo nikashindwa. Nilitoka nje nikasema yote, pale njiani, kwa sauti, milango ikifunguka mmoja mmoja. Kwamba yu hai na anaumwa, na siku zote hizo ni mimi niliyekuwa nakanyaga bila uzi. Jirani akanikaripia, "Umetufanya tumkimbie mgonjwa!" Halafu akafuta macho. "Lete vitambaa vilivyobaki."

Akaenda kibaraza kwa kibaraza. Jua halijazama, mafundi wanne walikuwa kwetu wamefungua daftari la vipimo la mume wangu. Walishona kila nguo, na malipo yote yakapelekwa hospitali. Akapasuliwa. Kikundi chetu hiki kilianzia siku ile, kwenye sakafu yangu.

Nawashukuru mafundi wale. Namshukuru shemeji, na dada yangu wa mitumba, huyo hapo anajificha uso. Ninachowaomba ni hiki: ukiumwa, au wako akiumwa, sema mapema. Sisi hatuna mwajiri wa kutuulizia. Mimi nilificha mpaka nikamwogopa mtu wangu mwenyewe.

Na ile sanda haikumalizika. Alipopona aliipinda ncha tu, akaitoa kwa kikundi. Mwenyekiti, inua hayo madaftari kidogo waone. Ndiyo hiyo, kitambaa cha meza tunachowekea chai kila mkutano. Msishtuke, imefuliwa. Tazameni upande huu, mshono umekwenda mshazari. Hapo ndipo tulipofunua pazia. Wabeja sana.