Dokta Costancia, Mtabiri wa Moshi wa Miwa

Wasikilizaji wapendwa, wakubwa shikamooni, wenzangu habari za asubuhi. Leo tunamkumbuka Dokta Costancia, mzaliwa wa Kidodi, tuliyemzika Jumamosi hapa Magomeni, Kilosa. Alikuwa mwanasayansi wa hewa. Narudia, mwanasayansi wa hewa. Alipima moshi, vumbi na chavua, ule unga wa maua unaowasha macho na kubana kifua. Kisha alituambia hewa ya kesho itakuwaje.

Namelok ni mama mfugaji wa Mikumi, mwanawe ana pumu. Anasema, "Nyasi zikikaribia kuchanua, yule mama alijua kabla ya ng'ombe wangu. Basi mtoto namweka ndani mapema."

Lakini kazi ngumu ilikuwa moshi. Kidodi miwa huchomwa kabla ya kukatwa. Upepo ukilala, moshi unatuama hadi Mikumi, wenye pumu wanakimbizwa zahanati. Mwaka juzi Dokta aliwaomba wakulima wasubiri, wasichome kwanza, maana upepo utalala. Haukulala. Ikaja mvua, malori yakakwama, miwa ikaozea shambani. Mmoja wa waliopata hasara ni Thadeo, mdogo wake wa tumbo moja.

Thadeo anakumbuka: "Nilimwambia, dada, huo utabiri wako niupeleke kiwandani wakausage badala ya miwa?"

Dokta akaja hapa hapa redioni. Akasema, "Nilikosea. Nimewatia hasara, nisameheni." Akaeleza alipokosea. Hakumsingizia mtu.

Msimu uliofuata akaomba tena. Wasubiri, upepo utalala. Hapo sasa, wasikilizaji. Wakulima wakikataa, nani atamsikiliza tena? Na yule mtoto wa Namelok atavuta hewa gani?

Thadeo alikuwa shambani, kiberiti mkononi. "Wenzangu wakasema tuwashe tu, dada yako katuponza mara moja inatosha. Nikawajibu, huyu akikosea anasema mwenyewe. Mimi namsubiri."

Wakasubiri wote. Upepo ukalala kweli, hata jani la muwa halikutikisika. Ulipoamka ndipo wakachoma, moshi ukapita juu kwa juu. Mikumi hakuna aliyekimbizwa zahanati. Nasema tena kwa fahari, hakuna hata mmoja.

Thadeo akampigia simu kumtania: "Dada, sasa mbona hakijatokea kitu?"

Dokta akacheka. "Ndiyo kazi yenyewe hiyo, we Thadeo."

Thadeo, watoto wa marehemu na ukoo wote, poleni sana. Msiba huu ni wetu pia. Nawe uliyepanga kuchoma shamba wiki hii, kabla hujawasha, jiulize: moshi wako unaenda kwa mtoto wa nani?