Dawa ya Siku ya Kukimbia

Pale Kalembe, njia inapogawanyika, mkono mmoja ukishuka kwenye misitu ya Walikale na mwingine ukipanda vilima vya Masisi, kuna benchi ya ubao mmoja mnene uliolazwa juu ya mawe. Mbele yake Mama Agathe anapika kahawa tangu jua linapochomoza mpaka birika linapokauka. Wenyeji wa benchi ni watatu. Théophile wanamwita Préfet, kwa sababu aliwahi kuwa préfet wa nidhamu katika shule moja kwa muhula mmoja, na kichwani mwake hajashuka cheo hicho mpaka leo. Albert anaitwa Radio. Anauza betri, na habari anazitoa bure. Wa tatu ni Thierry, mwenye miaka thelathini na moja, anayepandisha gunia zima la maharagi mlimani bila kulitua, na hivyo jina lake ni Kilo Mia. Asubuhi hiyo Thierry alikuja amefura. Aliketi kwa kishindo, kikombe cha Radio kikamwagika, na hata pole hakusema.

— Kumi na kenda! alisema. Mimi! Mimi mwenye nilibeba mugonjwa!

— Kumi na kenda ya nini, kaka? Mama Agathe aliuliza.

— Ya tension. Kumi na kenda juu ya kumi na mbili.

Aliwasimulia huku akigonga goti lake kwa ngumi. Jana yake zamu ya tipoyi ilimwangukia, ile machela ya miti miwili ambayo wanaume wa kilima hubebea wagonjwa kwenda kituo cha afya, centre ya santé. Walimbeba bibi kizee mmoja anayehara, mwendo wa saa tatu, kupanda na kushuka, yeye Thierry akishika mti wa mbele karibu njia nzima. Walipofika, infirmière Astrid, muuguzi wa pale, akampima bibi, akakuta damu yake iko sawa, akampa maji ya chumvi na sukari, kisha akawageukia wabebaji: pumzikeni, halafu na ninyi niwapime. Aliwapumzisha kweli, saa nzima. Akampima Thierry shinikizo la damu mkono wa kushoto, akampima wa kulia, akamkalisha tena, akampima mara ya tatu. Bibi kizee akamwangalia kutoka kitandani, akacheka mpaka akaanza kukohoa.

— Njo akanipatia hii, Thierry alisema, akatoa mfukoni plakete mbili za vidonge, akazitupa juu ya benchi. Moja kila asubuhi. Eti hakuna gunia, hakuna tipoyi, mpaka damu ishuke. Eti nikipuuza, siku moja nitaanguka upande moja. Mimi niambiwe hivyo!

Hapo ndipo palipomuuma. Kwenye kilima chao kila mwanaume mzima ana zamu yake ya tipoyi, na asiyebeba huhesabiwa pamoja na wazee na walemavu. Watu husema wazi kabisa: asiyebeba, siku ya mke wake kuugua, nani atambeba? Thierry hakuwa ameumwa kichwa, hakuwa amesikia kizunguzungu, wala hakumwambia Bibiche mke wake neno. Kidonge cha kwanza alitakiwa akimeze asubuhi hiyohiyo, na bado hakuwa amekimeza. Alikuja kijiweni aambiwe kwamba infirmière amekosea.

Radio hakumwangusha.

— Tension iko ya ba-patron, kaka. Ya mutu anakula nyama asubuhi na mangaribi, iko na tumbo kama ngoma. Wewe unakula fufu na sombe. Tension itatokea wapi?

— Itatokea mu mashini, Préfet alisema, akanyoosha kidole kama yuko mbele ya darasa. Sikiliza. Damu iko nini? Iko maji. Ile kitambaa inafunga mukono, inakaza, inakaza. Maji ukiikaza inaenda wapi? Inapanda! Alikupima mara ngapi?

— Mara tatu.

— Basi alipandisha mara tatu! Ile iko fizike, haiko mambo ya kubishana.

— Na bibi kizee? Mama Agathe aliuliza. Yeye mashini haikumukaza?

— Wazee damu yao iko kidogo, Préfet alijibu bila kupepesa macho.

Mama Agathe alisonya, akachochea moto. Thierry alitamani kucheka, lakini hasira haikumwachia nafasi.

— Mimi najua ile kitu inatokea wapi, alisema. Tangu nizaliwe nimekimbia mara kumi na moja. Mama yangu alinikimbiza mumugongo. Nimekimbia na godoro kichwani, nimekimbia na muke iko na mimba. Masasi yakilia, damu inapanda yote kichwani. Tunarudi nyumbani, tunalima, mbele maharagi ikomae, tunakimbia tena. Sasa ile damu ishuke saa ngapi? Nani aliipatia ruhusa ya kushuka? Halafu mutu ananiambia, Thierry, punguza mawazo! Nipunguze gani? Nianze na ya masasi, ao nianze na ya barrière yenye kutulipisha njiani?

Hilo lilikuwa la kweli, na kijiwe kikikutana na la kweli hukosa la kuongeza. Lakini Radio hawezi kukaa na kimya muda mrefu.

— Mimi sisemi kitu, alisema, lakini ile komprime inamaliza wanaume.

— Inamaliza namna gani?

— Namna ile! Usiku. Kuko mutu kule Burungu alikunywa mwezi moja, muke akarudi kwa baba yake. Na ukianza hauachi tena, mpaka kaburi. Jiulize juu ya nini balituletea sisi vijana. Babu zetu balikuwa na tension? Banataka tulegee, Kilo Mia. Mutu akilegea, haendi shamba. Asipoenda shamba, kilima kinabaki. Chini ya kilima kuko nini? Mawe ya madini! Basi.

— Eh! Préfet aliitikia.

— Na iko inapita mu antene pia. Tangu baweke ile antene kule juu, hata mbuzi zangu zinakuwa na wasiwasi.

— Mbuzi zako zinakosa majani, Mama Agathe alisema. Thierry, kunywa dawa, uache hawa batu.

— Nikunywe, halafu? Thierry alimgeukia kwa ukali ambao hakuukusudia. Alinipatia ya siku makumi mbili. Zikiisha nirudi. Na njia ikifungwa? Na centre wakikimbia? Mara ingine tulifika pale tukakuta mulango tu, hata kitanda walibeba. Banasema ukiacha katikati damu inapanda kuliko mbele. Sasa anianzishie kitu, halafu vita inikatize?

Mama Agathe aligeukia birika lake. Hiyo haikuwa porojo, na Thierry alijua. Usiku kucha swali hilo lilikuwa limemgeuza kitandani.

Ndipo Préfet akainua mkono, taratibu, kama mtu aliyeliacha darasa zima lichoke kwanza.

— Solution iko, alisema. Na nilishaitoa hapa, siku nyingi. Tension inapanda lini? Wewe mwenyewe umesema: wakati wa kukimbia. Leo unakimbia?

— Hapana.

— Basi leo uponye nini? Ile komprime utie mu mufuko ya kukimbia, pamoja na chumvi, kiberiti na kitambulisho. Siku masasi inalia, unakunywa mbili, unafunga mulango, unaenda. Dawa haiishi, haikuzoei, na usiku kwako kunabaki sawa.

Radio akapiga makofi. Kila nyumba ya Kalembe ina mfuko huo, umefungwa nyuma ya mlango, na hakuna mwenye akili anayeugusa siku ya amani. Thierry alihisi kifua kikilegea kwa mara ya kwanza tangu jana. Kumbe angeweza kubaki na dawa bila kuwa mgonjwa. Angeendelea na gunia, angeendelea na tipoyi, na Bibiche asingejua lolote. Akaokota plakete zake, akazipangusa vumbi, akazirudisha mfukoni.

— Njo maana wewe iko Préfet, alisema, na akacheka.

Walikuwa bado wanacheka mwanamke mmoja alipotokea upande wa msitu, miguu ina matope mpaka magotini. Alisimama mbele ya benchi, akapiga goti kidogo kwa heshima.

— Jambo ba-Papa. Hapa njo banc ya Kalembe?

— Njo hapa, mama. Karibu. Unatoka wapi? Mama Agathe aliuliza, akamsogezea kigoda.

Hakuketi. Alisema anaitwa Libérata, mke wa Jean-Claude, yule mpasua mbao. Walimjua wote; siku za soko Jean-Claude alikuwa akinywa kahawa mbili pale kabla ya kurudi msituni. Mtu wa miaka thelathini na tatu, mwenye mikono mipana, mwenye kupenda utani.

— Alianguka jana asubuhi juu ya mbao zake, Libérata alisema. Mukono ya kuume imekufa, na muguu. Mudomo imeenda pembeni. Ananiona, lakini hasemi.

— Yesu! Mama Agathe alisema.

— Mwaka uliopita infirmière alimupima, akasema iko na tension. Akamupatia dawa. Mara ingine tena akamupatia. Yeye akaniambia, batu ya banc ya Kalembe njo banajua, kuko Papa Préfet alisoma sana. Alimufundisha aichunge mu mufuko ya kukimbia.

Akafungua pindo la kitenge chake, akatoa plakete sita, akazishika kwa mikono miwili. Zote zilikuwa nzima. Hakuna tundu hata moja lililotobolewa.

— Aliichunga muzuri, alisema. Hata moja haikupotea. Ni kwamba huu mwaka hatukukimbia. Sasa nimekuja kuuliza, ba-Papa. Nimupatie yote mara moja, ao moja moja?

Radio alianza kuzungusha kitufe cha redio yake, ambayo haikuwa na betri. Préfet alitazama ndani ya kikombe. Thierry alingoja aseme.

— Jibu, Préfet.

— Mimi nilisema tu, Préfet alisema kwa sauti ndogo. Ilikuwa mazungumzo.

— Mazungumzo! Thierry alisimama kwa nguvu, akakiangusha kigoda cha Libérata. Umemuona huyu mama? Ametembea kutoka usiku kuja kuuliza mazungumzo!

Alitaka kumshika shati. Kilichomzuia ni mfuko wake mwenyewe wa shati, wenye vidonge, ulivyokuwa mzito kifuani. Sasa alikumbuka: siku ile Jean-Claude alipofundishwa, yeye Thierry alikuwa hapohapo upande wa kulia, na alicheka, na alimpa Jean-Claude mkono kwa kumpongeza. Hasira yote aliyokuwa ameibeba kwa ajili ya Astrid ikamgeukia, na ikamchoma kuliko ile ya mwanzo. Alimwomba Mama Agathe maji. Akatoboa plakete yake mbele yao wote, akameza kimoja.

— Mama, mimi sijui, alimwambia Libérata. Hakuna mutu hapa anajua. Hatukujua hata siku moja. Usimutie kitu mu kinywa. Tunaenda kumuchukua, tunamubeba kwa infirmière, leo leo.

Libérata aliyatazama mabega yake, na uso ukamlegea kwa matumaini.

— Wewe Papa utabeba?

— Sitabeba, Thierry alisema. Alishangaa jinsi neno hilo lilivyokuwa gumu kutoka. Mimi iko mugonjwa. Iko na ile ya bwana yako. Nitatembea pembeni, nitawaonyesha njia fupi. Radio, ita batu ya zamu. Préfet, wewe utashika muti ya mbele.

— Mimi? Sijabebaka tipoyi...

— Utajua leo.

Préfet hakubisha. Alivua koti, akalikunja, akaliweka juu ya benchi. Radio alikuwa ameshashika njia, akiita majina ya watu kilimani. Libérata alizifunga plakete zake tena katika pindo la kitenge, moja moja, kwa uangalifu uleule ambao huenda mume wake alizichunga nao, kisha akauliza, bila ukali wowote, kwa sababu alitaka tu kujua:

— Infirmière ataniuliza juu ya nini hakukunywa. Nimutajie jina ya nani?

Préfet alikuwa ameinama anafunga kamba za viatu. Kamba zilikwisha kufungwa, naye hakuinua kichwa.